Kompyuta ikizima yenyewe, ipimwe kabla ya kupigwa Windows

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowaumiza wengi wenye kompyuta majumbani, nalo ni desturi ya baadhi ya mafundi wetu kufuta kila kitu na kupiga Windows upya, yaani kuiweka tena programu kuu inayoendesha kompyuta, kila mteja anapolalamika kwamba mashine yake inazima ghafla, bila kutafuta kwanza kinachoizima.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga. Kompyuta yetu ya mezani, ambayo mke wangu huandikia hesabu za kikoba na wajukuu huitumia kwa masomo, ilianza kuzima yenyewe mapema mwaka huu. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akapiga Windows, akalipwa. Wiki mbili hazikupita, ikazima tena. Wa pili alisema tatizo ni uzee wa Windows 10, naye akafuta na kuweka upya. Ni kweli kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, lakini kukosa masasisho ya usalama huiacha kompyuta wazi kwa wavamizi. Hakuifanyi izimike katikati ya kazi. Katika kufuta huko tulipoteza hesabu za kikoba za miaka 3 pamoja na picha za msiba wa mama yangu, ambazo hatukuwa na nakala zake popote.

Baada ya hapo nilichukua daftari la shule, nikawa naandika kila inapozima: ni saa ngapi, kazi gani ilikuwa ikifanyika, na kama skrini ilionyesha ujumbe wowote. Katika siku 9 nilijaza ukurasa mmoja na nusu. Asubuhi haikuzima hata mara moja. Ilizima kati ya saa nane na saa kumi mchana, chumba kikiwa na joto, hasa wajukuu wakitazama video za masomo, na ilizima kama taa inavyozimwa, bila skrini ya buluu ambayo Windows huonyesha inapopata hitilafu kubwa, wala neno lolote. Windows huweka kumbukumbu za matukio yake, na humo kila mara niliikuta namba 41, ambayo maana yake ni kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa kwa utaratibu. Namba hiyo haitaji sababu, lakini inapokuja peke yake, bila ripoti nyingine ya hitilafu, ni busara kutazama joto na umeme kabla ya kuishuku programu.

Tulipofungua kasha, kati ya feni na mapezi ya aluminiamu yanayopooza prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, palikuwa na vumbi lililoshikana kama pamba ya godoro, na pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekauka ikawa kama chaki. Prosesa inapopata joto la kupita kiasi, ambalo kwa nyingi ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi, hujizima ili isiungue. Brashi safi ya rangi na bomba dogo la pesti vilitosha kukomesha kuzima huko.

Siku chache baadaye, hata hivyo, ilianza kutokea skrini ya buluu. Kwa kawaida Windows imepangwa ijiwashe upya mara tu skrini hiyo inapotokea, kwa hiyo wengi hawawahi kuisoma. Niliondoa mpangilio huo, nikaanza kunakili misimbo ya hitilafu inayoandikwa kwenye skrini hiyo. Ilikuwa ikibadilika kila mara, jambo ambalo mara nyingi huashiria ubovu wa RAM, yaani vipande vya kumbukumbu ya muda ambavyo kompyuta hufanyia kazi. Ndani ya Windows kuna kipimo cha RAM kisicholipiwa, ambacho hufunguliwa kwa kuandika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, kisha kompyuta hujiwasha upya na kujipima. Kilionyesha hitilafu. Tulikuwa na RAM mbili, tukachomoa moja na kuitumia kompyuta siku nzima, kisha tukazibadilisha, na ile mbovu ikajulikana. Tangu tuitoe, huu ni mwezi wa nne, haijazima.

Si kila nyumba itakuta vumbi au RAM mbovu. Umeme, ambao hapa kwetu unapaswa kuwa wa volti 230, ukishuka, pawa saplai iliyochoka, yaani kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, hushindwa kuhimili. Kapasita zilizovimba vichwa, yaani vile vikopo vidogo vya kutunza umeme ndani ya kompyuta, huonekana kwa macho. Na diski inayokufa mara nyingi huigandisha kompyuta, pengine ikitoa sauti ya kugongagonga. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa kwa kupiga Windows.

Lawama si za mafundi peke yao. Sisi wateja tunataka mashine irudi siku hiyo hiyo, na tumezoea kulipia Windows huku tukikataa kulipia muda wa kupima, hivyo fundi anayekaa na mashine siku mbili akichunguza huondoka mikono mitupu. Mimi niko tayari kulipia upimaji peke yake, hata kama jibu litakuwa kwamba mashine haifai tena. Nanyi mafundi, nawaomba mumuulize mteja inazima saa ngapi na ikiwa inafanya nini, mfungue kasha mbele yake, na ikiwa kufuta hakuepukiki, mnakili kwanza mafaili yake kwenye diski ya nje na mumwonyeshe kwamba yanafunguka.

Mwalimu mstaafu,
Tanga.