Mhasibu naye aruhusiwe kusoma historia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo linaloniuma. Mimi ni mhasibu hapa Mtwara, mwaka wa 11 huu nashika vitabu vya hesabu, na mwaka jana niliamua kusoma masta ya historia. Nikajaza fomu, nikaambatanisha vyeti, chuo nilichoomba wakanijibu digrii yangu ya uhasibu haihusiani kwahiyo nikaanze digrii ya historia miaka mitatu ndo nirudi. Mama mmoja wa udahili akaniambia kwa upole kabisa, mwanangu kasome mambo ya biashara upande cheo. Yeye simlaumu, anafuata utaratibu. Nalaumu utaratibu.

Kwetu ni Nachingwea. Babu yangu alikata visiki kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 kule Kongwa, Urambo na huku kwetu kusini. Walitaka ekari zaidi ya milioni 3, wakaleta mpaka matrekta yaliyotokana na vifaru vya vita, wakajenga bandari Mtwara na reli kwenda Nachingwea, alafu 1951 wakaachana nao wakiwa wamepoteza zaidi ya pauni milioni 30. Reli nayo ikaja kung'olewa. Kila mtu anazijua hizo pauni, mimi nataka kujua shilingi za babu, yaani alilipwa kwa siku au kwa kipande, posho ilikatwa kwenye mshahara au ilikuwa juu yake, akiumwa wiki nzima ilikuwaje. Hizo ni hesabu Mhariri, na leja ikinipita mkononi naona palipofutwa na palipojazwa baadae. Hilo jicho nimelipata kazini, halifundishwi kwenye digrii wanayotaka nikaanze.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia pale Dar es Salaam, enzi hizo chuo bado kiko chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walienda vijijini kuwahoji wazee wa Maji Maji, na vita yenyewe ilikuwa ya 1905 mpaka 1907. Waliwahi. Sasa aliyekuwa na miaka 20 wakati karanga zinaanza leo anakaribia 100, hiyo miaka mitatu ninayoambiwa nisubiri nani atakuwepo?

Ombi langu kwa vyuo ni mwaka mmoja tu wa kutuvusha, tufundishwe kusoma nyaraka, kuhoji wazee, kupima nani anasema kweli na nani anapamba, alafu tupewe mtihani mgumu, akifeli mtu arudi kwenye fani yake. Nesi, fundi wa reli, bwana shamba, wote wana kitu cha kuleta.

Jirani yetu mmoja aliyeendesha trekta za mradi aliniahidi atanisimulia, mimi nikawa nasubiri kwanza nipate chuo nimhoji inavyotakiwa. Tulimzika mwezi wa tatu. Kama kuna chuo hapa nchini kinapokea watu kama mimi naomba wahusika wajibu hapahapa gazetini, dirisha la udahili likifunguliwa nipo.

Mhasibu,
Mtwara