Kiwanda kituambie kama yogati ni hai au imepashwa moto

Ndugu Mhariri,

Katika duka moja kubwa hapa Bombo, Uganda, kumebandikwa bango lenye picha ya mtoto mnene anayecheka, na maneno kwamba yogati inayouzwa hapo imejaa bakteria hai na huzuia watoto kuharisha. Chini ya bango hilo pakiti zimepangwa rafuni, hakuna friji, joto la mchana linazipiga, na tarehe ya mwisho ya kutumika iko miezi kadhaa mbele. Nilimuuliza muuzaji, kijana mwenye adabu, akanijibu, "Hajati, sisi tunauza tu, bango wameleta wenye mali." Namwamini. Kwa hiyo nawaandikia wenye mali, na serikali inayowapa kibali, kupitia ukurasa wako.

Nilifanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu. Siku hizi natengeneza yogati na wanawake wenzangu wa mtaani. Maziwa tunaletewa asubuhi na vijana wa pikipiki kutoka upande wa Nakaseke, kwenye ukanda wa wafugaji. Tunayapasha moto mpaka nyuzi 85 hivi na kuyaacha hapo kwa muda, kisha sufuria inaingizwa kwenye beseni la maji baridi mpaka yashuke kufika nyuzi 43 au 45. Hapo ndipo tunatia chachu, tunafunika, tunazungushia blanketi, na hatuyagusi tena mpaka yagande.

Kinachofanyika chini ya blanketi ni kazi ya bakteria wa aina mbili, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Wanakula sukari ya maziwa, yaani laktosi, na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayogandisha protini. Wanasaidiana pia: huyu wa pili anavunjavunja protini, wa kwanza anapata chakula, wa kwanza naye anatoa asidi kidogo ya fomiki inayomstawisha wa pili. Mtu akiyapasha maziwa hayo moto mkali baada ya kuganda, wote wawili wanakufa. Ladha inabaki, protini na kalisi zinabaki, na pakiti inaweza kukaa rafuni bila friji. Kufanya hivyo si kosa. Katika nchi ambayo umeme unakatika na friji za madukani zinalala zimezimwa, naelewa kabisa kwa nini kiwanda kinachagua njia hiyo. Kosa ni kuua bakteria kisha kubandika bango kwamba wako hai.

Kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, kuhusu maziwa yaliyochachushwa, za mwaka 2003, ziko wazi. Yogati inatakiwa iwe na bakteria wa chachu wasiopungua milioni 10 katika kila gramu, na idadi hiyo idumu mpaka tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Ikipashwa moto baada ya kuganda, sharti la bakteria hai linaondoka, na bidhaa itajwe kuwa ni maziwa yaliyochachushwa na kupashwa moto. Basi hilo neno la kupashwa moto liko wapi kwenye pakiti zetu? Nimevaa miwani nikasoma pande zote, na sikuliona.

Msomaji mwenye shaka anaweza kujaribu nyumbani. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka kidole kivumilie joto bila kuungua, kisha gawa katika vikombe vitatu safi. Kimoja usitie kitu. Cha pili tia kijiko cha yogati hai unayoifahamu. Cha tatu tia kijiko cha ile ya rafuni, isiyo na matunda. Vifunike, vitie ndani ya chungu chenye maji ya vuguvugu, vizungushie nguo nzito, kisha uvitazame baada ya muda wa saa nane hivi kupita. Nilipofanya hivyo, cha pili kilikuwa kimeganda hata kijiko kikasimama, na kilinukia uchachu mzuri. Cha tatu na kile kisichotiwa kitu sikuweza kuvitofautisha: maziwa matupu, mepesi, yenye harufu ya kuchemshwa. Nilirudia na pakiti nyingine, matokeo yakawa yale yale. Najua kikombe hakipimi idadi kama maabara inavyopima, lakini bakteria wanaojazana kwa kadiri ile inayotangazwa hawawezi kukaa usiku kucha ndani ya maziwa ya vuguvugu wasifanye lolote.

Kuna mtu ataniuliza inamdhuru nani. Inamdhuru mama maskini. Jirani yangu, binti mdogo mwenye mtoto wa kwanza, aliliona bango, akanunua pakiti hizo na kumpa mwanawe kutwa nzima huku anaharisha. Aliponiletea, macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo nikiifinya inarudi polepole. Kila muuguzi anajua maana ya dalili hiyo: maji yanamwishia mwilini. Tulianza kumpa ORS, ile chumvi na sukari ya kuyeyusha kwenye maji, kwa kijiko pale pale mlangoni, tena na tena, kisha tukampakia bodaboda na mama yake kwenda kituo cha afya, na alhamdulillahi yu mzima. Pesa aliyotumia kwa yogati ingemnunulia ORS na vidonge vya zinki. Dawa ya mtoto anayeharisha ni hiyo: ORS, zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 (aliye chini ya miezi sita apewe 10), na ziwa la mama lisikatwe. Bakteria wa kwenye maziwa, hata wakiwa hai, hawashiki nafasi hiyo. Mwaka 2018 zilichapishwa tafiti mbili kubwa, moja ya Marekani na moja ya Kanada, za watoto waliofikishwa hospitali wakiharisha na kutapika. Waliopewa bakteria wa jamii ya Lactobacillus hawakupona upesi kuliko wenzao.

Nasema haya nikiwa naipenda yogati na nikiila kila siku. Faida yake iliyothibitishwa vizuri zaidi inatuhusu sana sisi Waganda. Mwaka 1966 madaktari Cook na Kajubi walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti walioufanya hapa nchini, ulioonyesha kwamba watu wazima wengi wa makabila ya wakulima, Baganda wakiwemo, wana upungufu wa kimeng'enya cha kusaga laktosi, na kwamba hali ni tofauti kwa jamii za wafugaji kama Wahima. Ndiyo sababu jirani mmoja anakunywa nusu lita ya maziwa na kwenda zake shambani, na mwingine kikombe kimoja tu kinamjaza gesi na kumkimbiza chooni. Bakteria wa yogati wanakuja na kimeng'enya chao na kusaidia kuisaga laktosi ndani ya utumbo mwembamba. Hawahamii tumboni wala hawajengi makazi humo, wanapita tu. Faida ipo siku uliyowala. Na kwa kazi hiyo inatakiwa wawe hai. Kwa hiyo mtu ambaye maziwa yanamsumbua, akinunua iliyopashwa moto akidhani ni hai, ameibiwa kitu kile kile alichokifuata.

Na wala haihitaji mitambo mikubwa. Shirika la Yoba for Life limekuwa likiwapa wasindikaji wadogo wa Uganda pakiti za chachu ya gramu moja, inayotosha kugandisha lita 100. Ndani yake mna Lactobacillus rhamnosus wa aina ambayo Gorbach na Goldin waliitenga huko Boston miaka ya 1980. Wanawake wenye sufuria na kuni wanatengeneza yogati yenye bakteria waliochunguzwa kuliko karibu wengine wote duniani, na wanaiuza wiki hiyo hiyo. Bango lenye uongo linamnyang'anya mama huyo mteja wake.

Ninachoomba ni kidogo. Wasimamizi wa maziwa serikalini, na Shirika la Viwango, UNBS, wadai kila pakiti iandikwe mbele, kwa herufi zinazosomeka, kama bakteria wako hai au bidhaa ilipashwa moto baada ya kuganda, kwa Kiswahili na Luganda pamoja na Kiingereza. Wachukue pakiti madukani, rafuni hasa, wazipime. Wasingoje sampuli zinazoletwa na kiwanda chenyewe. Na maneno ya kuzuia kuharisha yaondolewe kabisa kwenye mabango, ya kiwanda kikubwa na ya sisi wa sufuria pia. Lile la hapa Bombo lilikuwa bado limebandikwa nilipopita kununua sukari.

Hajati Zaituni
Muuguzi mstaafu, Bombo