Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa E-rate Ulioishia Juni 30, 2015

Ndugu wanachama,

Mwaka jana kila aliyenipigia simu alikuwa na swali moja: fedha za Wi-Fi zitatoka lini katika E-rate, mpango wa Marekani wa kuzipunguzia shule na maktaba bei ya intaneti na simu? Mwaka huu swali limegeuka. Tangu Januari naulizwa tovuti ya shule italipiwa na nani. Basi nianzie hapo, mengine yatafuata.

Kuanzia Julai 1, 2015, huduma ya kuhifadhi tovuti haimo tena katika E-rate. Imeondolewa pamoja na baruapepe na ujumbe wa sauti, kwa uamuzi ambao Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliutoa Julai 2014. Hakuna kipindi cha mpito. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wanachanganya tovuti na simu. Simu inapunguzwa polepole, pointi 20 za asilimia kila mwaka: shule iliyokuwa na punguzo la asilimia 80 itapata 60 katika mwaka wa E-rate wa 2015, unaoanza Julai 1, na iliyokuwa na 20 haitapata kitu. Tovuti imekatwa siku moja, kama taa.

Sikuufurahia uamuzi huu. Kwa shule zetu nyingi tovuti ndiyo ubao wa matangazo, ndiyo mahali mzazi anapotafuta ratiba usiku, na shule ndogo haina fungu jingine la kulichokonoa. Lakini nikitazama hesabu nashindwa kuulaumu. Katika mwaka wa 2013 na wa 2014, maombi ya vifaa vya mtandao wa ndani hayakupata hata senti moja, hata kwa shule zenye punguzo la asilimia 90, kwa sababu intaneti na simu vilimaliza sanduku lote. Tulikuwa na tovuti nzuri zilizolipiwa punguzo, na madarasa ambayo mwanafunzi hakuweza kuifungua tovuti hiyo hiyo.

Kwa walioomba punguzo la tovuti katika mwaka unaoisha, kazi bado ipo. Fedha za huduma za kila mwezi zilizotolewa hadi Juni 30 hudaiwa ndani ya siku 120, na kwa walio wengi siku ya mwisho ni Oktoba 28, 2015. Msingoje. Na wale waliolipia tovuti kwa mwaka mzima mbele, mathalani kuanzia Januari 1, 2015, waigawe ankara hiyo: miezi sita ya kwanza ndiyo inayodaiwa, sita iliyobaki ni ya shule. Mwanachama mmoja aliniuliza kama angeweza kulipia miaka miwili mapema kabla lango halijafungwa. Nilicheka, kisha nikamwambia ukweli: E-rate hulipia huduma iliyotolewa ndani ya mwaka wake, haijali pesa imetoka lini mfukoni.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Wapo watoa huduma wanaouza intaneti na tovuti katika kifurushi kimoja, bei moja, mstari mmoja kwenye ankara. Zamani haikudhuru sana kwa sababu vyote viwili vilikuwa na punguzo. Sasa thamani ya tovuti lazima itenganishwe na kuondolewa kwenye ombi. Mwombeni mtoa huduma wenu barua yenye mgawanyo huo sasa, kabla mkaguzi hajaiomba. Hata siku za nyuma si kila kitu cha tovuti kilipunguzwa: nafasi kwenye seva ilikubaliwa, lakini kazi ya kubuni kurasa na kuandika yaliyomo haikukubaliwa kamwe, na waliojisahau hapo walirudishiwa maombi. Tena, muda wa kutunza nyaraka si miaka mitano tena. Ni kumi. Nyaraka za tovuti iliyokwisha kufungwa bado zitaulizwa, kwa hiyo asije mtu akasafisha kabati.

Sasa nije kwenye fomu. Chama chetu ni cha watu wachache tunaoshughulikia kompyuta na makaratasi ya shule katika majimbo mbalimbali ya Marekani, na tuliungana kwa sababu maelezo ya mpango huu, yaliyoandikwa kwa lugha ya wanasheria, yanaeleweka upesi zaidi tukiyajadili kwa Kiswahili. Katika mazungumzo yote ya mwaka huu nimeona jambo lile lile: shule zetu hazikosi punguzo kwa kukosa sifa. Zinakosa kwa tarehe.

Fomu 470 ndiyo tangazo la zabuni. Ikishawekwa hadharani, shule husubiri siku 28 kamili kabla ya kuchagua mtoa huduma, kutia saini mkataba au kutuma Fomu 471, yaani ombi lenyewe la punguzo. Dirisha la maombi ya 2015 lilifunguliwa Januari 14, likapangwa kufungwa Machi 26, kisha likasogezwa hadi Aprili 16. Kusogezwa kule kuliwaokoa baadhi yetu, kwani Fomu 470 iliyotoka Machi 19 bado ilikuwa ndani ya muda. Hata hivyo, shule moja ya mwanachama wetu ilisaini mkataba siku ya 25. Mkuu wa shule alitaka kumaliza jambo kabla ya kusafiri. Bei ilikuwa nzuri, mtoa huduma alikuwa halali, karatasi zilikuwa safi, na ombi lote lilianguka kwa siku tatu. Rufaa ipo, na ina siku 60, ila sikuwa na hoja ya kumpa.

Katika kulinganisha zabuni, bei ya huduma zinazostahili punguzo lazima iwe na uzito kuliko kigezo kingine chochote. Haina maana kwamba bei ndogo hushinda siku zote. Maana yake ni kwamba kama umeipa bei alama 30, uzoefu usipewe 30, upe 25. Na jedwali la alama lihifadhiwe, hata kama aliyejitokeza alikuwa mmoja tu.

Nisije nikaonekana nahubiri nikiwa juu ya mnara, nieleze kosa langu mwenyewe. Barua ya kukubaliwa kwa mwaka wa 2013 niliipata mapema, huduma ikaanza Julai 1, nikaona mambo yamekwisha. Fomu 486, ile ya kuthibitisha kwamba huduma imeanza, hudaiwa ndani ya siku 120 za huduma kuanza au za barua ya kukubaliwa, ipi iliyo ya mwisho. Mimi niliituma katikati ya Januari. Tarehe ya kuanza punguzo ikahesabiwa siku 120 nyuma ya siku niliyoituma, yaani katikati ya Septemba. Julai, Agosti na nusu ya Septemba shule ililipa bei kamili kwa sababu ya karatasi ambayo kuijaza hakuchukui hata saa moja. Mhasibu wetu hajanisahau, na ana haki.

Fomu 486 ndiyo pia mnayothibitishia utii wa CIPA, sheria ya mwaka 2000 ya kuwalinda watoto kwenye intaneti: kichujio, sera ya usalama, na mkutano wa hadhara uliotangazwa ambamo sera hiyo ilijadiliwa. Kichujio wote mnacho. Kinachopotea ni muhtasari wa mkutano. Utafuteni.

Kuhusu kiwango cha punguzo. Bado ni kati ya asilimia 20 na 90, kwa kufuata wanafunzi wanaostahili chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu, na kama eneo ni la mjini au la shamba. Kilichobadilika mwaka huu ni kwamba wilaya ya shule huhesabiwa nzima, wanafunzi wote pamoja, badala ya kutafuta wastani wa shule moja moja. Shule zinazotumia utaratibu wa CEP, ambazo hazikusanyi tena fomu za chakula kwa wazazi, huchukua asilimia ya wanafunzi waliothibitishwa moja kwa moja, yaani kwa orodha za misaada ya serikali, na kuizidisha kwa 1.6. Yenye 50 huhesabiwa 80, na 80 huiingiza kwenye ngazi ya punguzo la 90.

Ngazi hizi zina makali. Shule yenye asilimia 74 ya wanafunzi wanaostahili chakula hicho hupata punguzo la 80. Yenye 75 hupata 90. Ukiitazama kwa upande wa punguzo, tofauti ni ndogo. Itazame kwa upande wa bili: intaneti ya dola 2,000 kwa mwezi, mmoja analipa 400 na mwenzake 200. Kwa hiyo mtoto mmoja au wawili walioachwa kwenye orodha wanaweza kuifanya bili iwe maradufu. Ongeeni na watu wa jikoni na wa ofisi ya uandikishaji mapema, si wiki ya mwisho ya dirisha.

Habari njema ni ya Wi-Fi. Ukomo wa mpango ulipandishwa Desemba 2014 hadi dola bilioni 3.9 kwa mwaka, na kuanzia mwaka wa 2015 kila shule ilipewa bajeti yake ya vifaa vya ndani: dola 150 kwa mwanafunzi katika miaka mitano, kabla ya punguzo, na isiyopungua 9,200. Shule ya watoto 40 ingepata 6,000 kwa hesabu ya kichwa, lakini inainuliwa hadi 9,200. Shule ya watoto 300 ina 45,000. Ikiwa na punguzo la juu kabisa la upande huu wa vifaa vya ndani, asilimia 85 na si 90, itatoa mfukoni 6,750. Sishauri kuitumia yote mwaka wa kwanza. Vifaa vikifa mwaka wa nne na bajeti imekwisha, hakuna wa kumlilia.

Wanaolipa bei kamili kwanza na kudai marejesho wajue kwamba hadi Juni 30, 2016 fedha hupitia kwa mtoa huduma, naye ana siku 20 za kazi kuzifikisha shuleni. Kuanzia Julai 1, 2016 zitaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Maswali ya wanaopitia maombi yakifika, mna siku 15 za kujibu, na mara nyingi hufika shule zikiwa likizo. Andikeni kwenye fomu jina la mtu anayepatikana Julai.

Hesabu za chama atazisoma mhazini. Katibu anakusanya barua za mgawanyo wa gharama za tovuti. Mwenye nakala inayosomeka amtumie, ukurasa wa bei ukiwa umefutwa jina la shule, tuwe na kielelezo kimoja cha kuwapa wageni. Mimi nimeandika tarehe za Oktoba 28 na za Fomu 486 kwenye kalenda ya ukutani, kwa wino mwekundu, na mwaka huu nimempa mhasibu nakala.

Mwenyekiti
Juni 2015