Barry Harris hakuwa kivuli cha Bud Powell

Mhariri,

Makala yenu kuhusu wapiga piano wa jazz ilimpa Barry Harris sentensi moja tu, kwamba alikuwa mfuasi wa Bud Powell, mpiga piano mashuhuri wa jazz aliyemtangulia. Kumfuata alimfuata, na wala hakuficha. Ila mkiishia hapo mmeacha nusu ya kazi yake, tena ile nusu ambayo mpiga kinanda wa kwaya ya Dodoma au wa bendi ya Mombasa anaweza kuijaribu jioni hii.

Harris alizaliwa Detroit, Marekani, tarehe 15 Desemba 1929. Mama yake alipiga piano kanisani, naye ndiye aliyemwanzisha akiwa na miaka minne. Kufikia miaka ya 1950 nyumba yake ilikuwa imegeuka darasa la vijana wa mtaani. Mpiga saksafoni Charles McPherson, aliyepitia hapo, amesimulia mara nyingi jinsi Harris alivyoiona ripoti yake ya shule imejaa alama za C, akamwambia kuwa mtu wa kiwango cha katikati hauwezi muziki huu. Kijana akaanza kusoma vitabu.

Mwaka 1960 Harris alihamia New York na bendi ya mpiga saksafoni Cannonball Adderley, lakini hakukaa nayo sana. Piano inayosikika kwenye The Sidewinder, albamu ya mpiga tarumbeta Lee Morgan, iliyorekodiwa mwishoni mwa 1963, ni yake. Miaka ya 1970 aliishi Weehawken, New Jersey, katika nyumba ya Pannonica de Koenigswarter, mfadhili wa wanajazz, paa moja na mpiga piano Thelonious Monk, hadi Monk alipofariki Februari 1982. Mwaka huohuo akafungua Jazz Cultural Theatre huko Manhattan, ukumbi wa maonyesho uliokuwa pia darasa. Ulifungwa 1987. Madarasa hayakufungwa: yaliendelea kila wiki New York, na ugonjwa wa korona ulipoingia mzee akafundishia kwenye intaneti.

Sasa, alifundisha nini? Nitatumia do re mi, do ikiwa C, maana ndiyo njia waliyojifunzia wengi wetu.

Chukua kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ya G7: so, ti, re, fa. Kodi hiyo ikilia, mpigaji akitaka kushuka skeli, yaani ngazi ya noti, kwa noti za nusu pigo hupiga so, fa, mi, re, do, ti, la, so. Hesabu uone. Skeli ina sauti saba, mapigo manne yana nafasi nane. Kwa hiyo so ya chini inawahi nusu pigo. Kabla ya hapo, mi, do na la, ambazo si za kodi, zimekwisha kukaa juu ya mapigo, huku fa, re na ti zikiangukia katikati. Noti zote ni sahihi, lakini msikilizaji anahisi mpigaji kapotea, na mpigaji mwenyewe hajui kwa nini.

Dawa ya Harris ni noti moja: ile funguo nyeusi iliyo kati ya so na fa. Piga so, nyeusi, fa, mi, re, do, ti, la, kisha so. Sasa pigo la kwanza lina so, la pili fa, la tatu re, la nne ti, na so ya chini inatua pigo la kwanza linalofuata. Ukianzia ti, re au fa, nyeusi hiyohiyo inakutosha. Ukianzia la, usiongeze kitu: la, so, fa, mi, re, do, ti zinajipanga zenyewe kuanzia pigo la pili. Wanaoharibu ni wale wanaoichukulia noti ya nyongeza kama pambo na kuichomeka popote, au wanaokimbilia kasi kabla ya kusikia pigo. Piga polepole, gonga mguu, na imba unachopiga. Harris aliwaimbisha wanafunzi wake, hata wapiga ala.

Kodi ya D maina (re, fa, la) ikitangulia G7, alisema waza G7 tangu mwanzo. Kwa kijana aliyekaririshwa skeli moja kwa kila kodi huu ni unafuu mkubwa, ingawa kuna walimu watakaonuna.

Upande wa kodi ndiko alikochimba zaidi. Panda do, re, mi, fa, so, kisha nyeusi iliyo kati ya so na la, halafu la na ti. Ni sauti nane. Ruka moja moja kuanzia do: do, mi, so, la, yaani C yenye sita. Zilizobaki ni re, fa, nyeusi na ti, ambazo ni kodi ya diminishi. Ukipanda ngazi kwa ngazi na mkono mzima, zinapokezana: C ya sita, diminishi, C ya sita, diminishi, hadi juu. Ukiisahau ile nyeusi mpokezano unavunjika, kwa sababu sauti saba hazigawanyiki mara mbili. Mwimbaji akishikilia noti ndefu, badala ya kuganda kwenye kodi moja unatembea chini yake bila kutoka kwenye C.

Ishike hiyo diminishi. Shusha ile nyeusi nusu toni, yaani hadi funguo ya jirani, so, nyingine ziache: ni G7. Rudisha, shusha fa hadi mi: E7. Ukishusha ti unapata B bemoli 7 (bemoli ni noti iliyoshushwa nusu toni), na ukishusha re, D bemoli 7. Diminishi ziko tatu tu kwenye piano nzima, na kila moja inazaa nne, kwa hiyo kodi zote 12 za aina ya G7 zimepatikana.

Video za madarasa yake ya The Hague, Uholanzi, zinapatikana intaneti. Yeye hutaja noti kwa herufi na hubadilisha ufunguo bila kuonya, kwa hiyo mzoefu wa do re mi aanze na mifano ya C, aisimamishe video kila baada ya kodi, aandike.

Na mkirudia makala hiyo, rekebisheni tarehe: alifariki 8 Desemba 2021, akiwa na miaka 91.

Mwalimu wa muziki,
Dar es Salaam