Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ubao wa Tuzo za Elvis na Hali ya Chama

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: usikilizaji wa kila mwezi, usafishaji wa santuri, na maonyesho ya tarehe 16 Agosti, siku aliyofariki mwimbaji wetu Elvis Presley, "Mfalme" wa rock and roll, mwaka 1977. Zote zilifanyika. Sindano ya gramafoni tumebadilisha. Naomba tena, santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika zisipigwe kwa sindano ya LP, yaani ya santuri ndefu za mizunguko 33. Mifereji yake ni mipana, sindano nyembamba hucheza ndani na kukwaruza.

Sasa lile lililozua maneno: ubao wa tuzo. Niliamua uandikwe Grammy tatu tu, zile tuzo za muziki za Marekani, na wapo walionilaumu kwamba nimemshusha Mfalme hadhi. Sikumshusha. Aliteuliwa mara 14 akashinda tatu, zote kwa nyimbo za dini: albamu ya How Great Thou Art ya 1967, He Touched Me ya 1972, na How Great Thou Art tena, safari hii wimbo mmoja uliorekodiwa jukwaani Memphis mwaka 1974. Ni ule ule tunaouimba kanisani, Bwana Mungu Nashangaa Kabisa. Aliyeukata mstari wa tatu wa ubao kwa kalamu nyekundu akidhani umerudiwa angeuliza kwanza.

Mnauliza, Heartbreak Hotel na Hound Dog je? Hizo ni za 1956. Grammy za kwanza zilitolewa Mei 1959, zikihusu kazi za 1958, na wakati huo Elvis alikuwa mwanajeshi Ujerumani. Nyimbo zake kali zilitangulia mashindano yenyewe! Baadaye baadhi ziliingizwa katika Grammy Hall of Fame, yaani orodha ya heshima inayopokea rekodi zenye umri usiopungua miaka 25, lakini hiyo ni heshima ya rekodi, si ushindi. Vivyo hivyo tuzo ya Grammy ya mafanikio ya maisha ya 1971, aliyopewa akiwa na miaka 36, nimeiweka safu ya pili pamoja na Rock and Roll Hall of Fame (1986, kundi la kwanza kabisa), ile ya muziki wa country (1998), ya injili (2001) na Nishani ya Uhuru ya Rais wa Marekani (2018). Ukijumlisha vyote kapu moja, mgeni anayejua atatucheka. Ubao utabaki hivyo.

Mahudhurio yanasikitisha. Wanachama ni 61, waliolipa ada ni 22, na waliokuja mkutano wa mwezi Oktoba ni tisa tu, wawili kati yao wakifuata chai. Wanaopiga kelele zaidi kuhusu ubao, daftari la mhazini haliwajui.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata kabati la santuri, zisimame wima badala ya kulaliana na kupinda kwa joto. Itategemea ada. Mhazini yuko mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti