Simba, paka na rafiki: wamezikwa wangapi?

Mwezi uliopita mteja alituletea maneno ya kuchonga kwenye jiwe la kaburi: "KUMBUKUMBU YA SIMBA, PAKA NA RAFIKI YETU". Fundi wetu hapa karakana ya Kariobangi akayasoma kwa sauti, kisha akauliza, "Hawa watatu wanalala kaburi moja?" Hakuwa anatania. Kwa alama ile ya mkato (,) baada ya jina, waliozikwa ni Simba, paka fulani, na rafiki wa familia. Kumbe Simba ndiye paka.

Tukampangia upya: SIMBA peke yake juu, kwa herufi kubwa, chini yake "paka wetu, rafiki yetu", mwisho miaka, 2010–2024. Baada ya jina hakuna mkato, maana kushuka mstari kumeshafanya kazi hiyo. Nukta ya mwisho hatuweki.

Angalia hapo "wetu" na "yetu". Paka ni mnyama, kwa hiyo ni wetu. Rafiki hufuata dada na shangazi, kwa hiyo ni yetu. Mitaani Nairobi tunasema "mbwa yetu" na hakuna anayeshangaa, lakini jiwe halina mtaa. Siku moja litasomwa na mwalimu wa Kiswahili.

Ukimwita mwenyewe, mkato ni lazima: "Lala salama, Simba". Kuhusu "alikufa" au "alifariki", wapo wanaosema kufariki ni kwa binadamu tu. Hatubishani na mfiwa. Ila miaka miwili na kistari vinatosha, na kwa kuwa tunatoza kwa herufi, utaokoa pesa pia (bosi asisome hapa).

Jiwe nalo lina maoni yake. Kwenye terazo (saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe) yenye chembe kubwa, mkia wa mkato hubanduka. Herufi zikiwa ndogo mno, rangi huujaza mkato ukageuka nukta. Graniti hushika alama vizuri. Marumaru ni laini kuchonga, lakini ikikaa nje mvua huila haraka zaidi.

Kabla ya kuchonga tunachapa maneno kwenye karatasi ya ukubwa uleule na kuibandika juu ya jiwe. Njoo uyasome kwa sauti, au uje na mtu ambaye hakumjua mnyama wako. Kosa la karatasi tunalichana. La graniti, tunasaga uso mzima upya, na gharama ni yako ukishatia sahihi.

Tutumie jina, miaka na mstari mmoja. Picha si lazima, ingawa karibu kila mtu huituma, nasi huwa tunaiangalia.