Vunjajungu hana kosa, acheni kumuua

Mhariri naomba nafasi kidogo. Huku kwetu Mbeya mtoto akimuona vunjajungu kwenye mahindi anampiga fimbo hapohapo, ukimuuliza kwanini anasema bibi kasema ukimgusa huyo utavunja vyombo. Na kweli jina ndo limetoka huko, ni vunja na jungu, yaani chungu kikubwa, wazee waliamini ukishamshika tu basi chombo cha udongo utakachoshika baada ya hapo lazima kikuponyoke. Enzi hizo chungu kilikuwa mali jamani, kukivunja sio jambo dogo, naelewa kwanini walimuogopa.

Ila siku hizi tunapikia sufuria na bado tunamuua! Huyu mdudu hali mahindi wala maharage, anakula wadudu wenzie, panzi, nzi, nondo, viwavi, anatulia kwenye jani kimya na rangi yake ya kijani au ya udongo afu anadaka kwa ile miguu ya mbele yenye miiba. Sawa, nyuki nae akipita karibu analiwa, lakini mazao yako hayagusi.

Wagiriki wao walimwita mantis, yaani nabii au mtabiri, maana anavyokunja ile miguu ni kama anasali. Mdudu yuleyule, wengine nabii, sisi mvunja vyungu!

Wasomaji wa Mbozi, Rungwe na Iringa mnaojua anaitwaje kwa Kinyiha, Kinyakyusa au Kihehe naomba muandike hapa na maana yake, watoto wetu wasome.

Msomaji wenu, Uyole, Mbeya